Chumvi Iwe Ile Ile

Enosi akisema chakula hakina ladha, mimi huacha nilichoshika mkononi. Wanawake wengine wakiambiwa hivyo na waume zao hununa, au hujibu kwamba jiko liko wazi, mwenye ladha zake na aingie. Mimi sikuwa na nafasi ya kununa. Kwangu maneno hayo yalikuwa habari, na habari yenyewe haikuwa nzuri.

Mume wangu ni fundi cherehani. Kibanda chake kipo mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini, na tangu soko huria lilipotujazia mitumba, kazi yake kubwa ni kupunguza suruali za Wazungu wanene ziwaenee Wanyakyusa wembamba. Ni mtu mpole, mcheshi wa chinichini, anayeweza kukuchekesha mchana kutwa bila yeye mwenyewe kucheka. Lakini ana ugonjwa. Sista Felista, muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, alitueleza hivi: moyo wa kila mtu hupanda na kushuka, ila wa Enosi hauna breki. Ukipanda haujui kusimama, na ukishuka ni hivyo hivyo.

Mwaka moyo wake ulipopanda kuliko miaka yote, vijana wa kwaya ya usharika wetu walikuwa wamemletea kitambaa cha majoho ya Pasaka. Enosi alikuwa halali. Anazungumza mpaka sauti inakauka, anaahidi kuivika Tukuyu nzima bure, anasimamisha magari barabarani ili awapime abiria mabega. Akalitandaza lile jora, akakata majoho yote kwa mkupuo, bila kumpima mtu, kwa kipimo chake mwenyewe. Na Enosi ni mrefu. Pasaka ile soprano waliimba Bwana amefufuka huku wameshika mapindo kama watu wanaovuka mto. Leo nacheka. Siku ile niliomba ardhi ipasuke inimeze.

Baada ya kupanda akashuka. Akageukia ukutani akalala, mvua inakuja, mvua inakwenda, na wanaoijua Tukuyu wanajua kwamba mvua yetu haiendi mbali. Nikimpelekea mbalaga, zile ndizi zetu za kupika ambazo zamani alikuwa akizifuta hadi chini ya sufuria, alitia kinywani kidogo, akatafuna muda mrefu, akasema, "Chakula hakina ladha." Hakuwa akinilaumu. Alisema kama mtu anayesema kumekucha.

Wakati huo hatukuijua kliniki. Kaka yake mkubwa, Ackson, akamchukua akampeleka kwa mganga mmoja ng'ambo ya mto Kiwira, na huko wakamfunga kamba. Alama zipo kwenye vifundo vya mikono yake mpaka leo. Ackson si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Ni mfanyabiashara wa ndizi, na soko huria lilimpa pikapu pamoja na imani kwamba kila jambo lina njia ya mkato.

Alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mteja wa Enosi, aliyetuambia habari za kliniki. Daktari alikuwa akija kutoka Mbeya kila mwezi. Yeye ndiye aliyemwanzishia Enosi vidonge vinavyoitwa lithiamu, lakini tulibaki na Sista Felista. Mwanzoni nilidhani mama huyu anatupotezea muda. Sisi tumefuata dawa, yeye anataka soga. Anauliza: kabla hujapanda, Enosi, kitu gani hutangulia? Kabla hujashuka, je? Na wewe mama, huona nini? Enosi hajazoea kuulizwa, akajikuna kichwa. Polepole tukaanza kuona kwamba ugonjwa ule una mlango wa kuingilia, na anayekaa mlangoni anaweza kuuona ukija. Akianza kukata kitambaa bila kushika futi, anapanda. Akisema chakula hakina ladha, anashuka. Basi tukakubaliana sote watatu: likitokea mojawapo, tunakwenda kwa Sista siku hiyo hiyo, hatungoji.

Na tukabadilisha maisha. Enosi aliacha kushona usiku, hata Januari ambapo kila mzazi wa Tukuyu anagundua kwamba mwanawe hana sare. Alilala saa ile ile, akaamka saa ile ile. Pombe akaiaga. Asubuhi alinisindikiza hadi shambani kwa miguu, akarudi kibandani kwake amechangamka. Watu walisema nimemfuga mume kama mbuzi wa maziwa. Niliwajibu kwamba mbuzi wangu walau analala nyumbani, wao wa kwao wanalala wapi?

Tukaishi hivyo, kwa utulivu ambao sikuwa nimewahi kuuota. Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki juu ya vichwa vyetu. Ackson alikuwa amesema mbele ya ukoo, na baba yao hakumpinga: "Huu ugonjwa ukirudi, hivyo vidonge vinaingia chooni, na mimi namrudisha kule Kiwira mpaka atakapopona kabisa." Enosi alivuta mikono ya shati akafunika vifundo vyake.

Mwaka wa zile mvua za El Nino, ambapo hata sisi watu wa Tukuyu tulilalamika kwamba mvua imezidi, mama yangu aliteleza akavunjika mguu kule kwetu Masukulu. Ilibidi niende nikamuuguze, watoto nikawaacha kwa jirani. Enosi hakupaswa kukaa peke yake, maana asiyekuwa na wa kumwambia kalale, halali. Akaenda kwa wazazi wake Lupepo, na vidonge vyake, na cherehani ndogo ya mkono ya kumtoa upweke. Mwezi huo siku ya kliniki ilipofika, aliyempeleka alikuwa baba yake.

Hapo inabidi nieleze jambo, kwa ajili ya wasiotujua. Kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hakutani naye njiani. Akitokea huku, mimi naingia migombani, najifunika kanga, mpaka apite. Yeye naye huniepuka hivyo hivyo. Si dharau, ni heshima. Vijana wa siku hizi wanasema ni mambo ya kale, na mchungaji naye alishasema, lakini mzee yule alikuwa wa kale mwenyewe. Jina lake silitaji hata leo, msinilazimishe. Kwa miaka yote ya ndoa yangu alikuwa hajawahi kuisikia sauti yangu, wala mimi sikujua uso wake umekaaje, ila mgongo wake naufahamu vizuri.

Mama yangu alipoanza kusimama kwa magongo, nilitoka Masukulu nikaenda moja kwa moja Lupepo kumfuata mume wangu. Nilimkuta kwenye baraza ya jiko, cherehani mbele yake, mikono mapajani. Alikuwa amekonda. Alinitazama kama mtu anayeamshwa.

"Tupoki," akasema, maana jina langu Tupokigwe hulikata hivyo. "Umekuja."

"Nimekuja. Unaendeleaje?"

Akasema kile nilichoogopa kuliko vyote. "Chakula hakina ladha."

Nilimwuliza kama anameza vidonge. Anameza, baba yake anamhesabia mwenyewe. Kama analala, analala mno. Nikamshika mkono. Vidonge vile vilikuwa vimempa mtetemo mdogo tangu mwanzo, wa kutunga uzi kwenye sindano mara ya pili badala ya ya kwanza, na Sista alisema huo hauna neno. Lakini mkono huu ulikuwa unaruka. Aliponiona nautazama, aliuficha.

Jioni tukala. Baba mkwe alikula na Enosi kwenye nyumba kubwa, kama wanaume wanavyokula. Mimi na mama mkwe wangu, Mama Elina, tulikula jikoni: mbalaga na maharage, chumvi imekaa mahali pake, pilipili kwa mbali. Nilikula mpaka nikaona haya. Nikajisemea, basi ni kinywa chake. Chakula kizuri namna hii, na yeye anakiona majivu. Ugonjwa umerudi.

Siku zilizofuata alizidi. Tumbo likaanza kumharisha. Akienda uani alitembea amepanua miguu kama mtu aliyetoka kilabuni, na maneno yake yakawa mazito, yanateleza mwishoni. Nilimwambia Mama Elina kwamba tumpeleke hospitali. Akamwambia mumewe. Jibu likarudi kupitia kwake: mzee anasema hospitali imefanya yake yote, dawa amepewa na masharti amefuata, sasa tumngoje Ackson. Nikamtuma tena. Akarudi na jibu lile lile, fupi zaidi. Kusema na mtu kupitia mtu mwingine ni kama kupika ukiwa chumba cha pili.

Ackson akaja, akamtazama ndugu yake akijaribu kusimama, akatikisa kichwa. "Nilisema mimi," akasema. "Kesho asubuhi naleta gari."

Alipoondoka nilikaa na Enosi barazani. Mvua ilikuwa inanyesha taratibu kwenye migomba. Aliviweka vifundo vyake juu ya magoti, alama juu, akavitazama.

"Tupoki, usikubali nipelekwe kule," akasema. "Heri nife hapa."

Mimi ni mwanamke niliyeolewa pale, neno langu kwenye ukoo ule halikuwa na kiti. Nililia mbele yake, na yeye, mgonjwa, ndiye aliyenipangusa kwa ule mkono unaoruka.

Asubuhi baba mkwe alipanda barabarani kumsubiri Ackson, kwa sababu njia ya kushuka nyumbani ilikuwa matope matupu. Alipotoka, ndipo mimi nilipoweza kuingia nyumba kubwa. Mama Elina alikuwa ameshampelekea Enosi chakula chake, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Hakuwa amekigusa. Nikataka ale kidogo kabla ya safari, nikamega, nikampelekea mdomoni. Akageuza uso.

"Hakina ladha."

"Najua. Kula hivyo hivyo."

"Hakina, Tupoki."

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na mimi nilikuwa simwulizi. Nikafanya kama tunavyofanyia watoto: nikatia tonge kinywani mwangu kwanza, nikatafuna kwa mbwembwe, nikitaka kumwambia, mmh, tamu hii!

Halikuwa na chumvi.

Sikuamini. Nikamega tena, nikachovya mchuzi wa maharage. Hata chembe. Yalikuwa maharage ya maji matupu, ndizi za maji matupu. Nikamtazama Enosi, naye akanitazama, na macho yake yakajaa polepole.

"Kwani hata wewe huisikii?" akauliza. "Mimi nilidhani ni mimi."

Nilikwenda jikoni na sahani ile. "Mama," nikasema, "chakula cha Enosi hakina chumvi."

Mama Elina alikuwa anamenya ndizi, hata hakuinua kichwa. "Hakina, gwe. Tangu walipotoka kliniki. Baba yako amekataza. Dawa yenyewe ni chumvi, akila na nyingine itamzidi, kama yule jirani yetu wa presha. Chakula chao napakua kwanza, chetu natia baadaye."

"Na baba je?"

"Naye hali chumvi. Alisema, kama mwanangu hali umunyu, mimi ni nani hata niule?"

Nilikumbuka Sista Felista siku ya kwanza ya vidonge, kidole chake kikigonga meza. Chumvi ya chakula msiongeze, msipunguze. Maji anywe kama anavyokunywa siku zote. Mkipunguza chumvi, mwili unaishikilia hii dawa, inajaa, inageuka sumu. Mkono ukitetemeka mpaka hawezi kazi, tumbo likiharisha, akitembea kama mlevi, msimpe kidonge kingine, mkimbilieni hospitali. Nilikuwa nimeziona dalili zote, nikaziita kwa jina la ugonjwa wa zamani, kwa sababu nilikuwa nimeshamsikia Enosi akisema neno lake.

"Mama, mkimbilie baba barabarani umweleze."

"Nimweleze nini mimi? Kliniki alikwenda yeye, sikwenda mimi. Atasema nabishana na Sista."

Na ilikuwa kweli, angesema hivyo. Nje nikasikia mlio wa gari ukinyamaza juu barabarani. Nikajifunga kanga moja kiunoni, nyingine nikaitupia kichwani, nikatoka. Sikuingia migombani. Nilisimama katikati ya njia.

Walikuwa wanashuka, mzee mbele, Ackson nyuma. Mzee aliponiona alisimama ghafla, akangoja nikimbie. Sikukimbia. Basi akakimbia yeye. Naapa, mzee mzima na fimbo yake aliruka mfereji akajificha nyuma ya mgomba, na Ackson akabaki njiani mdomo wazi, hajui amshangae nani. Mimi nikapiga magoti kwenye matope, nikageuza uso upande mwingine.

"Tata," nikasema. Sauti yangu ilitetemeka kuliko mikono ya Enosi. "Nisamehe. Sista alisemaje kuhusu chumvi? Neno kwa neno, Tata."

Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani. Nilidhani hatanijibu, na angekuwa na haki.

"Mwambie huyu," sauti ikatoka nyuma ya mgomba, ikimwambia Ackson, "mimi nilisikia kwa masikio yangu. Sista alisema, baba, dawa hii ni namna ya chumvi. Kwa hiyo nyumbani, chumvi iwe ile ile."

"Ile ile ipi, Tata?"

"Ile ile ya dawa! Iwe ile ile, isiwe nyingine."

Nikafumba macho. Kumbe ndipo hapo. Maneno ya Sista yalikuwa yamefika Lupepo yote, hata moja halijapotea njiani, ila yalikuwa yamevaliwa nje ndani.

"Tata, alisema iwe ile ile ya siku zote," nikasema. "Ile ile tuliyozoea kutia. Isipungue. Ikipungua dawa inakuwa sumu. Enosi hajarudiwa na ugonjwa, Tata. Alisema chakula hakina ladha, na kweli hakina. Nimeonja."

Kisha nikamsikia mzee akilirudia lile neno, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo. "Chumvi iwe ile ile." Akalirudia tena, safari hii akiliegemeza upande mwingine. "Iwe ile ile." Halafu fimbo ikaanguka.

"Mwana gwangu," akasema. "Mwana gwangu, nimekulisha nini?"

"Baba," Ackson akaanza, "hata hivyo, kule Kiwira..."

"Gari lako limeelekea wapi?"

"Limeelekea Kiwira."

"Ligeuze lielekee mjini. Hospitali. Na ukinijibu neno la pili, utashuka uniachie funguo, nitaliendesha mimi nisiyejua."

Tulimpandisha Enosi hadi barabarani, Ackson akimbeba mgongoni kama alivyombeba utotoni, nasikia. Mimi nilikaa nyuma na mgonjwa wangu juu ya majani makavu ya migomba, mzee akakaa mbele, na njia nzima niliutazama ule mgongo wake ninaoufahamu. Ulikuwa umeinama.

Hospitalini, Sista Felista hakuuliza mengi. Vidonge vilisimamishwa, damu ikachukuliwa kupelekwa Mbeya, dripu ikatundikwa. Ackson, ambaye alikuwa amekosa kazi ya kufanya, aliitazama ile chupa ikidondoka, akauliza ni dawa gani hiyo kali.

"Maji ya chumvi," Sista akasema.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, amenipa kisogo. Alitoka nje. Ackson aliniambia baadaye kwamba alimkuta chini ya upenu, analia kama mtoto, na mvua inamlowesha mabega, hataki kusogea. Mimi sikuruhusiwa kumtazama, lakini nililia pamoja naye kwa upande wangu wa ukuta. Alikuwa ameacha chumvi kwa ajili ya mwanawe, katika uzee ule, na hakumwambia mtu ili asifiwe. Ni nani angemlaumu?

Enosi alirudi taratibu. Kwanza tumbo, kisha miguu, kisha ulimi. Siku alipotunga uzi kwenye sindano mara ya pili badala ya ya kwanza, wauguzi walipiga makofi. Majibu ya Mbeya yalipokuja, daktari alimwanzishia tena vidonge, vichache kuliko zamani, na damu ikawa inapimwa mara kwa mara. Sista Felista alikasirikia sana lile neno lake. Tangu hapo hasemi tena iwe ile ile. Anasema, "Tia chumvi kiasi ulichozoea kutia," kisha anamtaka aliyemsindikiza mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni askofu. Na tulipokaa tena kwenye soga zetu, Enosi alimwambia jambo ambalo sijalisahau.

"Sista, dalili zangu mnazijua wote sasa. Tatizo ni kwamba nikisema kitu, hakuna anayesikia kitu chenyewe. Mnasikia dalili tu. Mpaka na mimi nikaacha kujisikia."

"Basi tuongeze moja," Sista akasema hatimaye. "Akisema chakula hakina ladha, kwanza mtu aonje."

Kuhusu mimi, wazee wa Lupepo walikaa wakasema kwamba mwanamke aliyesema na baba mkwe wake lazima atozwe kuku. Nikakubali, kosa langu nalijua. Lakini kabla sijatafuta kuku, Mama Elina alikuja mjini na jogoo mkubwa kwapani. Alitumwa na mumewe. Ujumbe ulikuwa kwamba faini imeshalipwa, huyu ni wa kwangu nimchinje nile na watoto, na nisisahau kutia chumvi. Mpaka leo mzee yule ananipisha njia na mimi nampisha. Ila siku hizi akiwa nyuma ya mgomba hukohoa kidogo, kusema yupo, na mimi nami hukohoa.

Ningependa kuishia hapo, lakini ugonjwa wa Enosi hauishii hapo. Hata Sista hakutuahidi hivyo. Mwaka uliofuata, vumbi limeanza kupanda na wateja si haba, alikuja kula mchana, akakaa, akatafuna tonge la kwanza muda mrefu. Nilikuwa nasonga ugali wa watoto. Nikauona mkono wake umetulia mezani.

"Tupoki," akasema. "Chakula hakina ladha."

Niliacha mwiko. Nikaja nikakaa karibu naye, na yeye akaisogeza sahani yake mbele yangu, akangoja. Nikamega. Nikatafuna taratibu, sikutaka kukosea. Zilikuwa mbalaga zangu za siku zote, na mchuzi wangu wa siku zote.

"Imo?" akauliza.

Nilitamani kusema haimo. Sijawahi kutamani uongo kama siku ile.

"Imo, Enosi."

"Kiasi kile kile?"

"Kile kile."

Akatikisa kichwa polepole. Huzuni ilikuwa imeshamwingia, niliiona imekaa machoni, lakini hakugeukia ukutani. Alinyanyuka, akaenda kuifunika cherehani yake kwa kitambaa, akarudi akachukua koti msumarini.

"Basi ni ugonjwa wenyewe," akasema. "Twende kwa Sista kungali mapema."

Mara hii nilimwamini kwanza, ndipo nikaogopa. Nikaifunika sahani yake, nikawaambia watoto wamalizie ugali, tukatoka.